Boya la Kioo: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Wakaguzi wa forodha walipopanda melini Aden, Sudi aliutumbukiza mkoba wa almasi, robo kilo nzima, ndani ya boya la kioo la watafiti wa bahari. Kabla hajapata mwanya wa kuutoa, boya likafungwa na kushushwa baharini. Mwaka umepita. Sasa amejifungia na Dokta Zuhura na kijana Rashidi katika chumba cha kompyuta, bastola mkononi.

SASA ENDELEA...

"Nionyeshe lilipo," Sudi alifoka.

"Siwezi. Likiwa chini haliongei na setilaiti. Mpaka liangushe uzito wake liibuke, na siku yenyewe ni leo."

"Basi kisia! Siku ile ilikuwa kaskazi, nilisimama sitahani nikaona maji yakielekea Bahari ya Shamu. Limekwenda Jeddah, au siyo?"

Zuhura akaguna. "Uliona ya juu, Bwana Sudi. Ya chini hukuyaona."

Akaivuta ramani na kuanza kuchora, mkono ukimtetemeka. Bahari ya Shamu, alieleza, haina mto wa kudumu hata mmoja unaoimwagia maji. Mvua yake ni ya manyunyu, na jua pamoja na upepo mkavu huinyonya karibu mita 2 za maji kila mwaka. Pengo hilo huzibwa na maji ya Ghuba ya Aden yanayoingia kupitia Bab el Mandeb. Yanaposafiri kwenda kaskazini, maji huruka kama mvuke, chumvi ikabaki. Yaliyoingia na gramu 36 au 37 za chumvi katika kila kilo, yakikaribia Suez yanapita 40. Huko baridi ya mwisho wa mwaka huyakuta.

"Chumvi nyingi huyafanya maji kuwa mazito, na baridi huyaongezea uzito. Yanazama, yanageuka, yanarudi kusini kwa njia ya chini. Rashidi, mwanangu, mwambie waya wetu ulifanya nini pale mlangoni."

"Ulikwenda upogo, Dokta. Juu ulivutwa kaskazini, chini ukavutwa kusini."

"Umesikia? Karibu na visiwa vya Hanish pana kizingiti chini ya bahari, kina chake mita 137 hivi. Maji yale mazito hukiruka, yakaporomoka kwenye Ghuba ya Aden huku yakichanganyika na mengine. Kusi likivuma, mto huo hupungua karibu ukauke. Kaskazi ukarudi kwa nguvu."

"Yanaporomoka mpaka wapi?" Tamaa ilikuwa imemfanya Sudi kuwa mwanafunzi.

"Mpaka yakute maji mazito kuliko yenyewe. Mengi hutulia kati ya mita 400 na 800, kisha husambaa Bahari ya Hindi. Chumvi yake hupimika hadi Mlango wa Msumbiji na mkondo wa Agulhas, kule ncha ya Afrika."

Msomaji, wanaodhani upepo ndio unaoendesha bahari peke yake wamedanganyika. Kule Antaktiki maji yakiganda, barafu huisukuma chumvi nje, na maji yanayobaki, ya baridi na mazito, huzama hadi sakafuni na kutambaa kuelekea bahari nyingine za dunia. Haya ya Shamu, yenye joto zaidi, hupita juu yake. Tofauti ndogo tu ya uzito huamua maji gani yapite tabaka gani.

Sudi alipiga meza kwa kitako cha bastola. "Chumvi yenu hainihusu! Boya liko wapi?"

"Tulilipima lielee mita 650, katikati ya tabaka hilo. Watafiti wa Woods Hole waliachia mengine ya kina hichohicho humuhumu mwaka 2001. Uzito wake hupimwa kwa gramu. Mkoba wako ulikuwa na kiasi gani?"

"Robo kilo. Si nimeshasema?"

Kalamu ikamponyoka Zuhura. "Robo kilo! Basi halikuelea hata siku moja. Lilikwenda moja kwa moja sakafuni."

Kabla Sudi hajajibu, kompyuta ikalia. Ujumbe wa setilaiti! Boya limeibuka mashariki ya Ras Hafun, pwani ya Somalia. Sudi alicheka hadi machozi yakamtoka. Zuhura hakucheka. Alikuwa anasoma orodha ya vina, siku baada ya siku: 648, 651, 650, 649...

"Bwana Sudi," alisema taratibu, "mwaka mzima halikushuka chini ya tabaka lake. Boya hili halikubeba hata punje ya almasi."

Kicheko kikakatika. Mdomo wa bastola ukageukia kifuani kwa Rashidi.

"Nani alifunga kifuniko?"

"Mimi, Bwana. Lakini nilipokwenda kukifunga, mtu alikuwa ameshatangulia. Nilimwona akitoka, na mtu mwenyewe ni..."

Taa zikazimika. Risasi ikalia.

Nani amepigwa? Na Rashidi alimwona nani usiku ule? Usikose sehemu ya nne, Jumamosi ijayo.