Redio za kijeshi katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani

Redio za kijeshi katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani zilikuwa mitambo ya mawasiliano bila waya, maarufu zamani kama *simu ya upepo*, iliyotumiwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918). Vituo vyake vilikuwa Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Kupotea kwa vituo hivyo kuliathiri mwenendo wa vita hadi mwisho wake, uliofika mpakani mwa Ufipa.

Kuharibiwa kwa vituo

Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Uingereza HMS Astraea ilishambulia Dar es Salaam ikilenga kituo cha redio, na siku hiyo mnara wake ukaharibiwa.

Mnamo Juni 1915 kikosi cha Waingereza kilivuka Ziwa Viktoria kwa meli kutoka Kisumu na kushambulia Bukoba. Baada ya mapigano ya siku mbili, tarehe 22 na 23 Juni, kituo kilibomolewa na mji ukaporwa. Mwanza ilitekwa Julai 1916.

Kusini-magharibi

Makao ya utawala wa Wajerumani kwa eneo la Ufipa yalikuwa Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, kwenye Ziwa Tanganyika katika Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa. Boma hilo lilitekwa na Waingereza Juni 1916.

Kuanzia hapo jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilitegemea zaidi wajumbe wa miguu na habari zilizotekwa kutoka kwa adui. Novemba 1917 Ujerumani ilituma ndege-puto L59 kutoka Bulgaria ikiwa na takriban tani 15 za silaha, dawa na vifaa vingine. Ilipofika juu ya Sudan iliamriwa kwa redio kurudi, na ikarejea Bulgaria baada ya safari ya kilomita 6,757 kwa saa 95. Lettow-Vorbeck hakuwa na mtambo wa kuwasiliana nayo.

Habari za amani kuchelewa

Mapatano ya kusimamisha vita yalianza Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Siku hiyo jeshi la Lettow-Vorbeck lilikuwa Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), na liliendelea kupigana. Tarehe 13 Novemba mjumbe wa Waingereza mwenye pikipiki alikamatwa akiwa na habari hizo. Jeshi lilisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya. Walikuwapo Wajerumani 155, askari Waafrika zaidi ya 1,100 na wapagazi wengi.

Kutoka Abercorn walipelekwa Kasanga, kisha kwa meli hadi Kigoma. Askari walizuiliwa Tabora, na homa ya mafua iliyoenea mwaka huo iliua wengi wao. Hivyo kwa watu wa Ufipa mwisho wa vita ulionekana kwa macho, watu wakipita kwa miguu, kabla ya kusikika kwa redio.

Kumbukumbu za wapiganaji

Upande wa Waingereza, Angus Buchanan wa kikosi cha 25th Royal Fusiliers, kikosi kilichoshiriki Bukoba, alichapisha kumbukumbu zake za vita mwaka 1919. Lettow-Vorbeck alichapisha zake mwaka 1920.

Askari Waafrika walisimulia zaidi kwa mdomo. Mzee Ali Kalikilima, mzaliwa wa eneo la Tabora aliyetumikia Wajerumani, alimweleza maisha yake Bror MacDonell, na kitabu kikatoka mwaka 2006 tu. Mwaka 1964, alipofariki Lettow-Vorbeck, Ujerumani Magharibi iliidhinisha kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari waliokuwa bado hai, miaka 46 baada ya Abercorn. Wapagazi, waliobeba mizigo ya pande zote mbili na kufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, ndio walioacha maandishi machache kuliko wote.