Propela shafti ya lori

Propela shafti (pia: propela) ni bomba linalozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu la nyuma. Kwenye malori hutengenezwa hasa kwa feleji (chuma cha pua). Baadhi ya magari mepesi ya mizigo, kama Ford F-150 ya Marekani, yametumia pia shafti za alumini. Uchaguzi kati ya metali hizo mbili hutegemea urefu wa shafti, kasi yake ya kuzunguka, nafasi iliyopo chini ya gari, mzigo na uwezekano wa kuitengeneza inapoharibika. Uzito peke yake hautoshi kuamua.

Muundo

Shafti huwa tupu ndani kwa sababu kitu kinaposokotwa, metali iliyo nje hubeba sehemu kubwa ya mkazo. Ile ya katikati huongeza uzito bila msaada mkubwa. Kila ncha ina krosi, yaani kiungo cha umbo la msalaba kinachoiwezesha shafti kuzunguka huku difu likipanda na kushuka pamoja na springi. Sehemu yenye meno yanayoteleza hufidia mabadiliko ya urefu.

Kiungo hicho huitwa kwa jina la Mwitalia Gerolamo Cardano (1501–1576). Mwingereza Robert Hooke alikichunguza katika karne ya 17. Mmarekani Clarence Spicer alipata hataza ya kiungo cha magari mwaka 1903 na kuanza kukitengeneza mwaka 1904, wakati magari mengi yalikuwa bado yanaendeshwa kwa minyororo.

Kasi ya hatari

Kila shafti ina kasi ambayo ikifikiwa, bomba huanza kupinda katikati kama kamba ya kuruka. Hiyo ndiyo kasi ya hatari. Shafti ikizungushwa kwa kasi hiyo hutetemeka sana, huharibu krosi na beringi, na inaweza kukatika. Kasi ya hatari hushuka haraka urefu unapoongezeka: urefu ukiwa mara mbili, kasi hiyo hubaki robo. Kwa usalama, mara nyingi shafti haizungushwi zaidi ya robo tatu ya kasi yake ya hatari.

Watu wengi hudhani kwamba bomba la alumini huvumilia kasi kubwa zaidi kwa kuwa ni jepesi. Alumini ina uzito wa takriban theluthi moja ya feleji (kilogramu 2,700 kwa mita ya ujazo dhidi ya 7,850), lakini ukakamavu wake nao ni takriban theluthi moja (gigapaskali 69 dhidi ya 200). Kwa hiyo mabomba mawili ya vipimo sawa yana kasi ya hatari inayokaribiana sana. Faida ya alumini hutokea pale bomba linapofanywa nene zaidi bila kuzidi uzito wa lile la feleji.

Mfano wa hesabu kwa bomba la mita 1.8 lililoshikiliwa kwenye ncha zake mbili:

- Feleji, kipenyo milimita 90, unene wa ukuta milimita 3: kilogramu 11.6, kasi ya hatari karibu mizunguko 4,500 kwa dakika.
- Alumini, vipimo hivyohivyo: kilogramu 4, kasi ya hatari karibu 4,500, lakini ukakamavu dhidi ya kusokotwa ni theluthi moja tu.
- Alumini, kipenyo milimita 125, ukuta milimita 5: kilogramu 9.2, kasi ya hatari karibu 6,200.

Lori dogo ambalo mzingo wa tairi lake ni mita 2.4 na uwiano wa difu ni 4.1 huzungusha shafti mara 2,850 hivi kwa dakika likienda kilomita 100 kwa saa. Likifika kilomita 120, shafti huzunguka mara 3,400 hivi, na bomba la kwanza linakuwa limevuka kidogo robo tatu ya kasi yake ya hatari.

Njia nyingine ni kuigawa shafti ya feleji vipande viwili au zaidi na kuweka senta beringi kati yake. Malori mengi marefu hutumia njia hii. Kwenye magari mepesi, bomba moja pana la alumini linaweza kuondoa haja ya senta beringi, iwapo kuna nafasi ya kutosha kati yake na chesisi, ekzosi na tangi la mafuta.

Uimara na matengenezo

Feleji huvumilia zaidi mawe ya barabara mbovu, na bomba lake linaweza kubadilishwa katika karakana nyingi. Udhaifu wake ni kutu. Alumini haishiki kutu ya kawaida, lakini huliwa inapogusana na feleji penye unyevu na chumvi, kama maeneo ya pwani. Aloi za alumini zilizoimarishwa kwa joto hupoteza sehemu kubwa ya nguvu karibu na mahali palipochomelewa, hivyo kazi hiyo huhitaji vifaa na ujuzi maalumu. Shafti ya alumini iliyobonyea au yenye ufa hubadilishwa.

Kwa metali zote mbili, shafti iliyochomelewa upya hunyooshwa na kupimwa balansi kwenye mashine. Krosi za ncha zote mbili hupangwa kwa mwelekeo aliouweka mtengenezaji. Zikikosewa, mtetemo hubaki hata kama bomba ni jipya.

Usalama

Shafti ikikatika upande wa mbele inaweza kudondoka na kuchimba barabara, au kupiga mabomba ya breki. Baadhi ya magari hufungwa pete ya chuma kuzunguka shafti ili kuizuia isianguke.

Kwenye malori kadhaa ya Kijapani yanayotumika sana Afrika Mashariki, kama Isuzu Elf na Mitsubishi Fuso Canter, kuna matoleo ambayo breki ya mkono imefungwa nyuma ya giaboksi na hushika magurudumu kupitia propela shafti. Shafti ikikatika au ikifunguliwa, breki hiyo haishiki tena. Kwa sababu hiyo magurudumu huwekewa vigingi kabla ya kufungua boliti za shafti, hata kama lori limeegeshwa mahali panapoonekana tambarare.