Jua la Mungu, fomu ya serikali

Jamani, juzi chumba cha habari kilichafuka. Mwenzetu mmoja anaweka sola nyumbani kwake, kaambiwa akitaka kuiunganisha na gridi ni lazima aisajili kwanza. Kang'aka kweli kweli: paa langu, paneli zangu, jua la Mungu, sasa nimsajilie nani? Wengi tulikuwa upande wake. Mimi nikiwemo, mpaka nilipokwenda kusoma yaliyowapata Wajerumani.

Wao walianza na pesa. Sheria iliyoanza kazi Januari 1991 iliwalazimisha wenye gridi kununua umeme wa upepo na wa jua kutoka kwa watu. Kwa upande wa jua, bei ilikuwa ndogo mno kurudisha gharama ya paneli. Aprili 2000 ikaja sheria nyingine, iliyopiganiwa na wabunge kama Hermann Scheer na Hans-Josef Fell: kila uniti ya umeme wa jua ilipwe feniki 99, tena kwa miaka 20! Hapo mkulima akatazama paa la zizi lake akaona shamba la pili. Daftari la taifa la kuandika nani ana nini juu ya paa halikuwepo. Ulimalizana na mwenye gridi wa eneo lako, basi.

Sasa sikia kisa cha meli. Usiku wa Novemba 4, 2006, laini kubwa ya umeme inayovuka mto Ems ilizimwa ili meli mpya ya kitalii, Norwegian Pearl, ipite chini yake salama. Mzigo ukahamia laini nyingine, zikaelemewa, na saa 4 na dakika 10 gridi ya Ulaya ikapasuka vipande vitatu. Nyumba zaidi ya milioni 15 zikakosa umeme.

Kilichonishtua mimi si meli. Ni kwamba mitambo midogo, hasa ya upepo, ilijizima na kujiwasha yenyewe, na waongoza gridi hawakuwa wakiiona kwenye skrini zao. Utaongozaje usichokiona?

Na sola zilikuwa na balaa lake. Umeme ukizalishwa mwingi kuliko unaotumika, masafa hupanda juu ya hezi 50. Kanuni za Ujerumani ziliagiza inveta zijizime masafa yakifika hezi 50.2. Sola zilipokuwa chache, hiyo ilikuwa tahadhari nzuri. Zilipofika laki kadhaa, maana yake ikageuka: mchana wa jua kali zote zingeweza kuzima kwa mpigo, na kuondoa umeme mwingi kuliko megawati 3,000 ambazo Ulaya iliweka kama akiba ya dharura. Kanuni ya usalama ndiyo imekuwa hatari yenyewe!

Mwaka 2012 serikali ikaamuru inveta zirekebishwe, zaidi ya laki tatu. Wenye sola wakaandikiwa barua: una inveta gani, imefungwa lini, fundi anakuja. Gharama hawakulipa wao, ilibebwa na watumiaji wa umeme wote.

Daftari la kitaifa la sola lilikuwa limeanza Januari 2009. Januari 31, 2019 likaja kubwa zaidi, la kila mtambo wa umeme nchini, uwe kinu cha makaa ya mawe au paneli mbili za kwenye roshani. Unawasha, una mwezi mmoja kujiandikisha. Mei 2024 walilegeza kwa wenye paneli za roshani: inveta isiyozidi wati 800 haihitaji tena kumwarifu mwenye gridi. Daftarini, hata hivyo, lazima uingie.

Nimempa mwenzetu habari hii yote. Kasoma mpaka mwisho, kavua miwani, kaniuliza: "Hizo feniki 99, hapa kwetu zinalipwa dirisha gani?"