Maandishi na Mahadhi katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Maandishi ya Kikalenjin, ambayo Wakipsigis wa Kericho na Bomet huyatumia makanisani na shuleni, huacha nje mambo mawili makubwa ya lugha yao: toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ambako katika lugha hii huweza kumtofautisha mtenda na mtendwa ndani ya sentensi, na tofauti kati ya jamii mbili za irabu, kwa kuwa lugha yenye irabu kumi huandikwa kwa herufi tano tu. Msomaji aliyeinyonya lugha hiyo kwa mama yake hujaza pengo bila kulihisi, lakini mjukuu aliyekulia Nairobi au ng'ambo hawezi kuupata mwenendo wa wimbo wa wazee kwa kuyasoma maneno yake peke yake. Upungufu wa namna hii uliwahi kuwakabili Wayahudi, ambao maandiko yao matakatifu yaliandikwa kwa konsonanti bila irabu na bila dalili yoyote ya mahadhi, na njia waliyoipata inafaa kuchunguzwa na yeyote anayejali nyimbo za nchi ya chai.

Kati ya karne ya 7 na ya 10, wataalamu wa mji wa Tiberia walioitwa Wamasora walibuni alama ndogo za kuandikwa juu na chini ya herufi, baadhi zikionyesha irabu na nyingine, ziitwazo teamimu, zikionyesha silabi yenye mkazo, mahali pa kutua, na kipande cha mahadhi kinacholifaa kila neno. Hati-kunjo ya Torati isomwayo sinagogini ilibaki bila alama hizo, na bado iko hivyo, kwa hiyo mwanafunzi hujifunza kutoka kitabu chenye alama, kisha husimama mbele ya maandishi matupu na kuimba alichokihifadhi. Alama hizo, jambo linalosahauliwa mara nyingi, hazikulazimisha mahadhi ya aina moja: Wayahudi wa Yemeni, wa Moroko na wa Poland waliimba alama zilezile kwa sauti zisizofanana, kwa kuwa alama hubeba mpangilio wa sentensi, na sauti yenyewe hutoka kinywani mwa mwalimu.

Maandiko hayo yalipofika miongoni mwa Wakalenjin yalifika bila alama zake. Biblia nzima ya Kinandi ilichapishwa mwaka 1939 na ya Kikalenjin mwaka 1969, na Zaburi, ambazo katika Kiebrania zina mfumo wake maalumu wa teamimu, zikawa maneno ya kusomwa, huku makanisa yaliyotokana na misheni kama ile ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, yakiimba tenzi zilizotafsiriwa ambazo nyingi zilifuata mahadhi ya Ulaya na Marekani. Katika lugha ya toni, mahadhi ya kigeni yanaweza kuliinua neno pale ambapo usemi wa kawaida hulishusha, na hasara hiyo haikuwa ndogo. Katika mji wa Kericho kulikuwa pia na mfano mwingine wa andiko na wimbo kwenda pamoja, kwani Masingasinga, ambao gurudwara yao kubwa mjini humo ni ukumbusho wa Baba Puran Singh, husoma Guru Granth Sahib, kitabu ambacho sehemu yake kubwa imepangwa kwa kufuata raga, yaani mifumo ya mahadhi ya Kihindi, hivi kwamba jina la raga hutangulia shairi linaloimbwa.

Wakipsigis wenyewe hawakuhitaji alama, kwa kuwa walikuwa na chuo chenye walimu wake. Vijana wa jando walitengwa katika menjo, nyumba ya kuwalelea, wakafundishwa na motirenik, wazee waliokabidhiwa kazi hiyo, na nyimbo walizozipata humo ziliwafunga katika rika moja kwa maisha yao yote. Kinubi kiitwacho chepkong kilikuwa na nafasi yake katika burudani, na mpigaji alijifunza kwa kukaa karibu na mpigaji mwenzake. Mashamba makubwa ya chai yalipoanza kupandwa katikati ya miaka ya 1920, pamoja na fedha za mshahara na gramafoni, masikio ya vijana yalifunguliwa kwa sauti za mbali.

Ni katika hali hiyo ambapo Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na kuzunguka bara akinasa muziki, alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, mwaka 1950. Alinasa nyimbo tatu zilizopewa jina Chemirocha, jina ambalo asili yake ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia Wakipsigis. Katika wimbo wa tatu wasichana humwita Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa. Tracey hakunasa sauti tu, kwani aliandika pia majina ya waimbaji na kuzipima nyuzi za ala kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde, na umakini huo unastahili heshima. Hata hivyo kazi yake iliwekwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954 nchini Afrika Kusini na ambayo baadaye ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, na kwa miongo kadhaa santuri zake zilikuwa rahisi kupatikana kwa msomi wa Ulaya kuliko kwa mwalimu wa Kapkatet. Zilirudishwa katikati ya muongo wa 2010, kwa ushirikiano wa maktaba hiyo na taasisi ya Ketebul Music ya Nairobi, wakati baadhi ya walioimba wakiwa vijana walikuwa bado hai.

Kusikilizishwa wimbo si kufundishwa wimbo, na hapa ndipo zana za Kiebrania zinaporudi. Mwaka 1996 teamimu ziliingizwa katika Yunikodi, mfumo unaoipa kila herufi ya dunia namba yake katika kompyuta, na kutokana na hatua hiyo fonti zikaweza kuzichora mahali pake, programu zikaweza kuzitambua na kuziimba, na tovuti zikaweza kuliangaza neno wakati linaposikika. Kikalenjin hakihitaji kusubiri namba mpya, kwa kuwa alama za toni za kuwekwa juu ya irabu zimo tayari katika Yunikodi, na programu ya ELAN, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck mjini Nijmegen kwa ajili ya wanaisimu, huwezesha kuunganisha kila silabi ya maandishi na sekunde yake katika sauti iliyonaswa. Kazi iliyobaki ni ya watu: kuyaandika maneno ya nyimbo za 1950 pamoja na toni zake mbele ya wazee wanaozijua, na kuamua pamoja nao zipi ni za kila sikio, kama Chemirocha, na zipi ni za menjo, ambazo mwenye haki ya kuzifundisha ni motiriot, yaani mmoja wa motirenik, aliyepewa idhini na rika lake, na ambazo hazifai kuwekwa katika tovuti iliyo wazi hata kama kompyuta inaweza kuzibeba.