Baada ya Baba Kuvua Magwanda: Familia za Askari wa Uganda, 1971–1986

Filamu mbili zinazojulikana sana kuhusu utawala wa Idi Amin ni Rise and Fall of Idi Amin ya mwaka 1981 na The Last King of Scotland ya mwaka 2006. Hiyo ya pili ilipigwa hapa Uganda, na ilimpatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar. Hadithi yake inaishia uwanja wa ndege wa Entebbe mwaka 1976. Kay, mke wa Amin aliyefariki kweli mwaka 1974, anaonyeshwa humo, lakini amepewa mapenzi na daktari ambaye ni wa kubuniwa. Filamu zote mbili zinamfuata mwanajeshi mmoja. Insha hii inadai kwamba historia ya vita nchini Uganda haieleweki bila kuwafuata mke na watoto wa askari wa kawaida, kwa sababu kila serikali ilipoanguka, adhabu ya askari iliwafikia wao pia.

Tuanze na swali la kwa nini watu waliingia jeshini. Waingereza walipanda pamba na kahawa kusini, na kaskazini wakaifanya ghala la vibarua na askari. Amin mwenyewe, mtu wa West Nile, aliingia King's African Rifles mwaka 1946. Kwa kijana wa huko, bunduki ilikuwa kazi ya mshahara: karo ya wadogo zake, mahari, mabati ya nyumba ya mama. Maasi ya kambi ya Jinja ya Januari 1964 yalihusu mishahara hasa. Askari aliyeoa alipewa chumba kambini. Kwa hiyo siku alipopoteza kazi, familia ilipoteza chakula na paa kwa mara moja.

Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971, askari wengi Waacholi na Walango waliuawa na wenzao katika kambi mbalimbali, ikiwemo ya Jinja. Hawakufa vitani. Wake zao wengi hawakupewa maiti wala maelezo. Mjane wa vita huambiwa angalau kwamba mumewe alilitumikia taifa. Hawa hawakuambiwa hata hilo.

Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Jeshi la Amin lilisambaratika, na askari wakarudi West Nile na familia zao. Wengi wakavuka hadi Sudan na Zaire. Oktoba 1980 baadhi ya askari hao walirudi kushambulia. Jeshi jipya, UNLA, lililipiza kisasi kwa raia, na watu wa West Nile wakakimbia kwa maelfu. Tarehe 24 Juni 1981, raia waliojihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, walishambuliwa na askari wa UNLA. Makumi waliuawa, wakiwemo watoto.

Mwaka 1986 zamu iligeuka tena. NRA ilipoiteka Kampala tarehe 26 Januari, askari wa UNLA, Waacholi wengi miongoni mwao, walikimbilia kaskazini, na mwaka huohuo vita vikawafuata nyumbani kwao.

Msomaji anaweza kupinga: askari wa Amin waliua watu wengi, na familia zao zilikula mshahara huo. Ni kweli, na waliouawa nao walikuwa na familia. Lakini kula ugali ulionunuliwa kwa mshahara wa baba si kosa la mtoto. Tunapenda kusema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Methali hiyo haitoshi hapa. Nyasi hakuna anayezidhania kuwa tembo. Mke wa askari alihesabiwa kuwa askari.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili jambo hili linatugusa kwa karibu. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri jeshini, na kwa watoto wengi wa kambini kilikuwa pia lugha ya kucheza na ya kuombea maji. Baada ya 1979 watu wengi wa Kampala walikisikia kama sauti ya mtu mwenye bunduki, na sikio halikuuliza kama msemaji aliwahi kuishika au alibeba ndoo tu. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini woga ule haukufutwa na kifungu cha sheria.

Mwaka 2016 wilaya ya Yumbe, huko huko West Nile, ilifungua makazi ya Bidi Bidi kwa wakimbizi wa Sudan Kusini. Miongoni mwa wenyeji wao wamo watu waliowahi kuvuka mpaka huohuo utotoni, wakielekea upande wa pili. Anayetafuta hadithi ya vita vyetu, iwe ya filamu au ya tasnifu, aanzie kwa watu hao, na awaulize kabla hawajazeeka.