Dizeli na Petroli katika Pikapu za Kazi Nzito za Marekani

Pikapu ya kazi nzito ilizaliwa na kukulia Marekani. Kwa hesabu za serikali ya huko, ni gari ambalo uzito wake likiwa na mzigo kamili unaanzia takriban kilo 3,856 na kuishia kilo 6,350. Ford huziita 250 na 350. Chevrolet, GMC na Ram huziita 2500 na 3500. Ndizo zinazovuta matrela ya ng'ombe na farasi huko Texas na Oklahoma, marobota ya nyasi, mashine za ujenzi na nyumba za safari. Kwa zaidi ya miaka 50 wanunuzi wake walijua petroli tu. Dizeli iliingia mwaka 1978, ikaanza kwa aibu, ikajipatia heshima mwaka 1989, na tangu 2007 gharama zake zimewarudisha wanunuzi kwenye hesabu ambayo wengi walidhani imekwisha.

Tofauti ya injini hizi mbili inaanzia ndani ya silinda. Injini ya petroli, inayofuata mfumo wa mipigo minne aliouonyesha Nikolaus Otto mwaka 1876, huvuta hewa na petroli, huubana mchanganyiko huo mara 8 hadi 12, kisha plagi hupiga cheche. Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanikiwa huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, aliiondoa plagi. Hewa peke yake hubanwa mara 16 hadi 22 mpaka ipate joto la kutosha kuwasha mafuta, ndipo nozeli hunyunyiza dizeli. Kubana huko huchota kazi nyingi zaidi katika mafuta yale yale, na lita ya dizeli yenyewe ina nishati inayoizidi lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10. Lakini mgandamizo mkubwa unadai chuma kinene, pistoni imara na pampu ya shinikizo kubwa, na kwa sababu hiyo injini ya dizeli imekuwa nzito na ghali tangu siku ya kwanza. Tabia yake ni kusukuma kwa nguvu ikiwa bado inazunguka polepole. Ya petroli husubiri mizunguko ipande. Kwa gari tupu tofauti hiyo si kitu. Kwa gari lenye trela la tani tano likipanda mlima, ndiyo tofauti kubwa kuliko zote.

Ford ilianza kuuza Model T yenye bodi ya pikapu iliyoundwa kiwandani mwaka 1925, kwa dola 281, ikiwa na injini ya petroli ya nguvu farasi 20. Mwaka 1948 ukaja ukoo wa F, ambao unaendelea hadi leo. Wakati huo malori makubwa yalikuwa yameshaanza kuhamia dizeli. Clessie Cummins, aliyeanzisha kampuni yake Columbus, Indiana, mwaka 1919, alifunga injini ya dizeli katika gari la Packard na kulifikisha New York Januari 1930 kutoka Indianapolis kwa mafuta ya dola 1.38. Wenye malori walimsikiliza. Wenye pikapu hawakuwa na haja: petroli ilikuwa rahisi, na kampuni zilijibu kila ongezeko la mzigo kwa kuongeza ukubwa wa injini. Kufikia miaka ya 1970, mkulima aliyetaka kuvuta kitu kizito alichukua injini ya V8 (silinda nane) ya lita 7.4 ya GM, kampuni mama ya Chevrolet na GMC, au ya lita 7.5 ya Ford. Zilikuwa injini imara, rahisi kutengeneza, na zilikunywa mafuta kupita kiasi.

Vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu, Oktoba 1973, ndivyo vilivyobadilisha mambo. Bei ilipanda na foleni zikajaa vituoni. Papo hapo sheria za hewa safi zilianza kuzibana injini za petroli, na mwaka 1975 magari mengi mapya yakalazimika kufungwa vifaa vya kusafisha moshi vinavyodai petroli isiyo na risasi. Ford ilijibu kwa kuunda F-150, pikapu iliyoongezwa uwezo wa uzito kidogo tu, ili ivuke pauni 6,000 na kukwepa sharti hilo. Mfano huo unastahili kukumbukwa, kwa kuwa tangu hapo mstari wa sheria umekuwa ukichagua injini za pikapu sawasawa na mahitaji ya kazi.

Mwaka 1978 majaribio mawili ya dizeli yalifika sokoni. Dodge ilifunga injini ya Mitsubishi yenye silinda sita. Ilikuwa ya kuaminika lakini dhaifu, na ni chache zilizouzwa. GM ilikuja na V8 ya lita 5.7 kutoka kitengo chake cha Oldsmobile, ikaiweka kwenye magari madogo na kwenye pikapu nyepesi. Injini hiyo ilitokana na ile ya petroli ya ukubwa huohuo. Bloku iliimarishwa, lakini bolti za silinda hedi zilibaki kwa idadi na mpangilio wa injini ya petroli, ilhali sasa hewa ilibanwa mara 22.5. Bolti zikavutika, gasketi zikaungua, maji ya rejeta yakaingia kwenye silinda, na mara nyingine injini ikafa papo hapo. Juu ya hayo, mfumo wa mafuta haukuwa na kichujio cha kutenganisha maji, na dizeli ya vituoni wakati huo mara nyingi ilikuwa na maji. Pampu na nozeli zikashika kutu. Kesi zikafunguliwa, na mwaka 1985 GM ikaacha kuiunda. Kosa lilikuwa la uchumi wa kiwanda: kutaka kutumia mashine zilezile kuchonga injini mbili zisizofanana kwa mkazo. Wamarekani wengi walihukumu dizeli yote kwa kosa hilo, na soko la magari madogo ya dizeli nchini humo halikupona sawasawa.

Wenye pikapu walikuwa na subira zaidi. Mwaka 1982 GM ilileta V8 nyingine, ya lita 6.2, iliyoundwa kuwa dizeli tangu mwanzo kwa ushirikiano na kitengo chake cha Detroit Diesel. Ilitoa nguvu farasi 130 tu, lakini ilibana matumizi ya mafuta. Mwaka uliofuata Ford ikafunga V8 ya lita 6.9 ya International Harvester, watengenezaji wa matrekta. Zote mbili zilinyunyiza mafuta kwenye chumba kidogo pembeni ya silinda, na zikahitaji plagi za kupasha joto kabla ya kuwaka. Mafundi wa Afrika Mashariki wanaujua mfumo huo kwa injini ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser: ni mpole na mvumilivu, lakini hupoteza joto na hauna haraka. Katika pikapu za Marekani ulimpa mnunuzi akiba ya mafuta bila kumpa nguvu. Aliyevuta mzigo mkubwa kweli aliendelea kununua V8 ya petroli.

Injini iliyovunja hali hiyo haikuundwa kwa ajili ya pikapu. Cummins na J. I. Case walikuwa wamejenga kiwanda cha pamoja huko Rocky Mount, North Carolina, cha kutengeneza injini za mashine za shamba na za ujenzi. Miongoni mwake ilikuwa 6BT, ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 5.9, yenye turbo. Chrysler, ambayo pikapu zake za Dodge bado zilivaa bodi ya mwaka 1972 na kuuzika vibaya, iliichukua kwa magari ya 1989. Orodha ya bei ya mwaka huo ina somo zuri, kwa sababu V8 ya petroli ya Dodge nayo ilikuwa ya lita 5.9. Kwa nguvu farasi, ya petroli ilishinda: zipatazo 190 dhidi ya 160. Lakini dizeli ilitoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya nyutonmita 542 ikizunguka mara 1,700 tu kwa dakika, kiasi ambacho V8 ile haikukikaribia kwa mzunguko wowote.

Undani wa 6BT unaeleza sifa yake. Bloku na silinda hedi vyote ni chuma cha kalibu, na injini nzima ina uzito wa karibu nusu tani. Kemshafti na pampu ya nozeli huendeshwa kwa gia za chuma. Hakuna mkanda wala cheni ya kukatika. Mafuta hunyunyizwa moja kwa moja juu ya pistoni, kwa hiyo haina plagi za kupasha joto. Kwenye baridi, hita iliyowekwa kwenye njia ya hewa huipasha hewa inayoingia. Haikukosa dosari. Mafundi wake wanakijua sana kipini kidogo cha chuma kwenye kasha la gia, ambacho kwa mtikisiko hulegea na kuweza kudondokea kwenye gia na kuzivunja. Hata hivyo, mkulima aliyeijua injini hiyo kwenye mashine za shamba hakuhitaji kushawishiwa na tangazo. Pikapu iliyokuwa ikielekea kufa ilipata wanunuzi wapya kwa sababu ya injini peke yake.

Washindani walilazimika kufuata. Mwaka 1994 Ford na Navistar, jina jipya la International Harvester, walitoa Power Stroke ya lita 7.3 yenye turbo na nguvu farasi 210. Mwaka 2001 GM na Isuzu walileta Duramax ya lita 6.6 kutoka kiwanda cha Moraine, Ohio, ikiwa na nguvu farasi 300. Injini kubwa za petroli zikaanza kuondoka: V10 ya Dodge mwaka 2003, na V8 ya lita 8.1 ya GM miaka michache baadaye. Mtu mwenye trela zito alikuwa na jibu moja. Dizeli ilivuta vizuri zaidi, ilikula mafuta pungufu kwa takriban robo, na hadi mwaka 2004 bei yake kituoni haikuwa kwa kawaida juu ya petroli.

Kisha zamu ya sheria ikafika. Mwaka 2006 salfa katika dizeli ya barabarani ya Marekani ilishushwa kutoka sehemu 500 hadi 15 kwa milioni, na kuanzia 2007 pikapu za dizeli zikafungwa chujio la masizi. Salfa ilibidi itangulie kushuka, kwa sababu vifaa hivyo huharibika upesi palipo na salfa nyingi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilifikia kiwango cha 50 mwaka 2015. Pikapu za Marekani baadaye zikaongezewa mfumo wa kunyunyiza maji ya urea kwenye moshi, ambayo huganda baridi ikizidi nyuzi 11 chini ya sifuri. Chujio hujisafisha kwa kuchoma masizi injini ikiwa na moto wa kutosha. Gari linalokwenda dukani na kurudi halifiki kwenye moto huo, na chujio huziba. Shinikizo la mafuta nalo lilipanda kupita baa 2,000. Pampu ya namna hiyo ikisagika, vumbi la chuma huenea hadi kwenye nozeli zote, na matengenezo hugharimu maelfu ya dola.

Baadhi ya wamiliki walikimbilia kung'oa vifaa hivyo. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilikadiria mwaka 2020 kwamba zaidi ya pikapu za dizeli 550,000 zilifanyiwa hivyo katika muda wa miaka kumi. Watengenezaji nao hawakutoka salama: Cummins ilikubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675 kwa programu zilizokwepa vipimo vya moshi katika mamia ya maelfu ya pikapu za Ram, zilizokuwa zikiitwa Dodge. Ni hasara kubwa kwa jina lililojengwa kwa uaminifu wa injini. Na moshi uliokwepwa ulivutwa na watu wasiokuwa na hisa yoyote katika kazi ya magari hayo.

Petroli ilirudi kupitia mlango wa gharama na usumbufu huo wa dizeli. Kwa magari ya 2020 Ford ilitoa V8 mpya ya lita 7.3, ya bloku ya chuma na muundo wa valvu wa kizamani usio na mambo mengi, yenye nguvu farasi 430. GM ilitoa ya lita 6.6, karibu sawa kwa ukubwa na Duramax. Ya petroli ina torki ya nyutonmita 629 na Duramax ya mwaka huo 1,234, karibu mara mbili. Hakuna aliyedai kwamba petroli imeishinda dizeli kwa kuvuta. Kilichobadilika ni hesabu ya anayevuta mara chache.

Hesabu hiyo ina vipengele vya wazi. Injini ya dizeli huongeza takriban dola 10,000 kwenye bei ya gari. Kodi ya serikali kuu ni senti 24.4 kwa galoni ya dizeli, dhidi ya 18.4 kwa petroli. Injini ya dizeli huongeza pia zaidi ya kilo 200 mbele ya gari, na kwa kuwa pikapu nyingi za daraja la 250 na 2500 husajiliwa zisizidi pauni 10,000, kilo hizo hukatwa kwenye mzigo unaoruhusiwa nyuma. Mjenzi anayebeba saruji na zana kwenye sehemu ya mizigo, bila trela, mara nyingi huruhusiwa kubeba zaidi na pikapu ya petroli. Upande wa pili kuna breki ya moshi, ambayo Ram iliunganisha kwenye turbo ya injini ya lita 6.7 mwaka 2007 na wengine wakafuata. Kwenye mteremko mrefu wa milima ya Colorado, breki hiyo hulishikilia trela bila kuunguza breki za magurudumu, na kwa usalama ina thamani zaidi kuliko nguvu ya kupanda.

Anayevuta tani tano au zaidi kila wiki, kwa safari ndefu na kwenye milima, anapaswa kuchukua dizeli na kuitunza kwa mafuta safi. Anayevuta mara chache, au anayezunguka mjini kwa safari fupi, pikapu ya petroli inamtosha.