Dawa za usingizi, panya wa maabara na majeruhi wa Katanga

Kila dawa ya usingizi hugusa moyo na mishipa ya damu kwa namna yake. Jambo hilo lilijulikana kwanza kwa vifo. Vipimo vilikuja baadaye. Etha ilionyeshwa hadharani Boston tarehe 16 Oktoba 1846, na klorofomu ikaanza kutumika Edinburgh Novemba 1847. Januari 1848, Hannah Greener, msichana wa Kiingereza wa miaka 15, alivutishwa klorofomu ili aondolewe ukucha wa mguuni, akafa papo hapo. Madaktari wakabishana kwa zaidi ya miaka 60: klorofomu huua kwa kukata pumzi au kwa kusimamisha moyo?

Tume mbili zilizokaa Hyderabad, India, mwaka 1888 na 1889 zilijaribu dawa hiyo kwa wanyama, hasa mbwa, zikatangaza kwamba pumzi ndiyo hukoma kwanza, na kwamba anayeilinda pumzi hana haja ya kuhofia moyo. Lilikuwa kosa, tena kosa lenye madhara, kwa kuwa liliwatuliza madaktari mahali pa hatari. Mwaka 1911 Goodman Levy alionyesha kwa paka kwamba klorofomu kidogo, ikikutana na adrenalini, huweza kuufanya moyo utetemeke ovyo mpaka ushindwe kusukuma damu. Mgonjwa mwenye hofu, aliyelala nusu tu, ndiye aliyekuwa hatarini zaidi.

Mwaka mmoja kabla ya jaribio hilo, 1910, reli kutoka kusini ilifika Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, na mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa. Ulikuwa mji wa shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa 1906, ilijenga hospitali kwa ajili ya wafanyakazi wake. Katika mji kama huo suala la moyo na usingizi ni zito kuliko kwingine. Majeruhi wa mgodini aliyevuja damu nyingi huishi kwa sababu mishipa yake imejibana na moyo wake unakwenda mbio. Dawa inayolegeza mishipa hiyo kwa ghafla inaweza kummaliza kabla kisu hakijamgusa.

Namna mwili unavyoilinda presha ilifafanuliwa kwa sehemu nchini Ubelgiji. Huko Ghent, Corneille Heymans alifanya majaribio kwa mbwa, akachunguza vihisio vya presha na vya kemia ya damu vilivyo katika mishipa mikubwa ya shingo, akapata Tuzo ya Nobel ya 1938. Presha ikishuka, vihisio huuarifu ubongo, nao huuharakisha moyo na kubana mishipa. Dawa nyingi za usingizi hudhoofisha taarifa hiyo au majibu yake.

Mwaka 1956 chuo kikuu rasmi kilifungua milango Élisabethville, na mwaka huohuo huko Manchester Michael Johnstone alianza kuwapa wagonjwa halothani. Charles Suckling alikuwa ameitengeneza mwaka 1951, naye James Raventós akaipima kwa wanyama kabla haijamfikia mtu. Haikuwaka moto kama etha, ila ilishusha presha na kupunguza nguvu ya moyo, na ilishirikiana vibaya na adrenalini.

Kwa kazi ya kila siku ya maabara, mnyama aliyezoeleka zaidi ni panya. Akiwa macho na ametulia, moyo wake hupiga kati ya mara 300 na 450 kwa dakika. Akichomwa ketamini pamoja na zilazini, mapigo hushuka sana, kwa kuwa zilazini hupunguza amri za neva zinazouchochea moyo. Pentobabitali hudhoofisha moyo, pumzi na ulinzi wa presha kwa pamoja. Isoflureni hulegeza mishipa, presha ikashuka, ingawa mapigo hubaki karibu na yale ya panya aliye macho. Mtafiti pia anaweza kuipunguza upesi. Urethani hulaza kwa saa nyingi, lakini husababisha saratani, hivyo panya huyo haamshwi tena. Zaidi ya hayo, mwili mdogo hupoa haraka, na baridi peke yake hupunguza mapigo. Kwa hiyo dawa ya presha iliyopimwa kwa panya aliyelala haiwezi kuaminiwa bila kujua alilazwa kwa dawa gani, kwa kiasi gani, na kama alipashwa joto.

Ketamini, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962 na Calvin Stevens, inastahili kutazamwa peke yake. Msuli wa moyo uliotolewa mwilini hudhoofika ukipewa dozi kubwa. Katika mwili mzima presha na mapigo hupanda, kwa kuwa dawa huchochea neva. Mgonjwa huendelea kuvuta pumzi mwenyewe, na sindano ya msuli inatosha. Hospitali ambako umeme hukatika na oksijeni ni adimu hupata humo msaada mkubwa. Hata hivyo, majeruhi aliyekwisha kuchoka kabisa hana tena uchochezi wa kutegemea, na hapo udhaifu wa moyo hujitokeza wazi.

Mwaka 2015 China ilipendekeza katika Umoja wa Mataifa kwamba ketamini iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa wa dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani lilishauri kinyume, kwa kuwa nchi maskini zingekosa dawa ya upasuaji. Ushauri huo ulikuwa wa haki, na ketamini haikuwekwa kwenye orodha hiyo.